Kumbukumbu za Vita vya Maji Maji: Ukweli na Uaminifu

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbini mnamo Julai 1905, kwa kung'olewa miche ya pamba. Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee walioviona vita hivyo. Je, kumbukumbu ya zaidi ya miaka 60 yaaminika? Swali hili ni la haki, ila aghalabu huelekezwa upande mmoja tu. Maofisa wa Kijerumani waliodai kuwa chanzo kilikuwa ushirikina walikuwa nao mashahidi wenye la kujitetea. Wazee walikumbuka pamba ya shuruti, viboko, kisha njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Makadirio ya kiserikali yalitaja vifo 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyewasikiliza wazee, alikadiria 250,000 hadi 300,000. Aidha, shahidi naye humpima anayemwuliza, kwani si rahisi kumsimulia mgeni habari za ndugu aliyenyongwa. Yatupasa, basi, kuyapima maandishi na masimulizi kwa mizani moja, na kwanza kuistahili imani ya msimulizi.