Udukuzi: kutoka uchochoroni hadi ndani ya simu

Mwaka jana, nikikusanya data za utafiti wangu, mama mmoja aliniomba niiache simu yangu nje kabla hatujaanza kuongea. "Siku hizi wanadukua, mwanangu," akasema. Nikacheka, ila neno lenyewe likanikaa kichwani.

Hebu tuanze na neno. Kamusi za zamani zinamtaja mdukizi: mtu anayetegea sikio maongezi ya wenzake, kisha anakwenda kuyapeleka kwingine. Hapo hakuna teknolojia yoyote. Kuna dirisha, uchochoro na sikio. Dukua na udukuzi ni wa ukoo huohuo.

Simu ilipokuja, sikio likahamia kwenye waya. Kesi maarufu ni ya Marekani. Roy Olmstead, aliyewahi kuwa luteni wa polisi mjini Seattle, aliendesha biashara ya pombe wakati imepigwa marufuku. Maofisa waliunganisha nyaya zao kwenye laini za simu bila kukanyaga nyumbani kwake. Maandishi ya waliyoyasikia yakajaza kurasa 775. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya huko iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba huo haukuwa upekuzi, kwa kuwa hakuna aliyeingia ndani. Yaani mdukizi akibaki uchochoroni, hana kosa! Msimamo huo ulibadilika mwaka 1967 katika kesi ya Katz, aliyerekodiwa akiwa kwenye kibanda cha simu ya umma.

Leo waya hauhitajiki. Programu kama Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israeli huingia kwenye simu yenyewe, hivyo inasoma ujumbe kabla haujafungwa kwa msimbo, au baada ya kufunguliwa.

Na hapa ndipo neno linapotuponza. Siku hizi "udukuzi" ni mwizi aliyeiba nywila yako, na pia ni dola inayosikiliza simu zako. Ukiibiwa nywila, unakwenda polisi. Ukisikilizwa na dola, unauliza: nani aliruhusu, kwa sheria gani? Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mawasiliano, na ya 31 ya Kenya vilevile. Tukiyaita yote udukuzi tu, swali hilo la pili halitaulizwa.

Yule mama, nadhani, alikuwa analiuliza. Simu niliiacha nje.