Deni la Mlimani

Kufaulu mitihani na kuhudhuria vipindi ni sehemu ndogo tu ya yale ambayo Tanzania imemtaka mwanafunzi wake wa chuo kikuu ayatimize. Tangu mwanzo wajibu wake ulihesabiwa kuwa deni. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa sheria hawakufika hata 20. Wachache hao walisomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba, kahawa na mkonge, na viongozi hawakuchoka kuwakumbusha. Ugomvi uliozuka baadaye, chuo kikiwa kimeshahamia kwenye kampasi yake ya Mlimani, ulihusu namna ya kulipa deni hilo, na zaidi ya hapo, kama mdai naye ana la kutimiza.

Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo. Risala yao ilisema kwamba miili itakwenda kambini lakini roho zitabaki nje, na bango mojawapo lilidai kuwa enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaka. Karibu vijana 400 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Ila jambo linalosahaulika kirahisi ni kwamba siku hiyohiyo alikubali hoja yao moja, kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa minono mno, akatangaza kupunguza wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye Azimio la Arusha likawawekea viongozi miiko ya mali.

Mimi naona hapo palikuwa na mkataba kati ya dola na mwanafunzi. Atakayesema kwamba huo haukuwa mkataba bali amri ana hoja nzito. Makubaliano gani hayo, ambayo upande mmoja una polisi na mwingine una majoho? Azimio la Musoma la 1974 nalo lilikuwa amri: kijana afanye kazi kwanza, na kuingia chuoni kutegemee pia maoni ya mwajiri na ya tawi la chama. Wanawake waliojiunga walipungua mno, hata ikabidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja kutoka shuleni. Ukali huo sitauremba. Ninachotetea ni kitu kingine: mwaka 1966 aliyewadai wengine wajinyime alijikata na yeye mwenyewe, na wanafunzi walipata kipimo cha kumpimia.

Wakakitumia. Machi 1978 waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri. Kizazi kilichopita kilikuwa kimetetea mshahara wake. Hiki kiliwakumbusha wakubwa Azimio lao wenyewe. Malipo yake yakawa yaleyale: mamia walifukuzwa, na chama chao, DUSO, kikafutwa. Kwangu mimi hapo ndipo mkataba ulipovunjika, na aliyeuvunja si mwanafunzi.

Leo deni linahesabiwa kwa shilingi. Uchangiaji wa gharama ulianza miaka ya 1990, Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004, na tangu marekebisho ya 2016 mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Wapo wanaosema huu ndio uadilifu hasa, kwa kuwa aliyenufaika analipa ili mwingine asome, wala hakuna anayeulizwa siasa zake. Nakubali, na idadi ya wanaosoma sasa isingewezekana kwa kodi ya wakulima peke yake. Lakini bumu, yaani posho ya kujikimu, linapochelewa na mwanafunzi akashinda na chai, hakuna wa kukatwa asilimia yoyote. Hadi 2021 aliyechelewa kurejesha mkopo alitozwa adhabu. Anayechelewa kuutoa huomba subira. Watunga sheria waandike, katika mkataba uleule anaousaini mwanafunzi, siku ambayo fedha lazima ziwe zimemfikia, na adhabu ya mkopeshaji zisipofika.