Waya wa Simu na Tahajia: Mitandao ya Kwanza ya Barua Pepe na Maandishi ya Kiafrika

Historia ya maandishi ya lugha za Kiafrika huelezwa kwa kawaida kwa kutaja wamisionari, kamati za serikali na mitambo ya kupigia chapa. Ni nadra kutajwa waya wa simu. Hata hivyo, tangu mwisho wa miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1990, waya huo ulizigawa lugha katika makundi mawili: zile ambazo maandishi yake yaliweza kusafiri salama kati ya kompyuta na kompyuta, na zile ambazo maandishi yake yalifika yakiwa yamepungua. Makala haya yanakusudia kueleza mgawanyiko huo ulivyotokea, na jinsi ulivyozigusa tahajia za Kiswahili na Kigikuyu.

Mwezi wa Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess walifungua mjini Chicago kituo kilichoitwa CBBS, ambacho walikuwa wameanza kukitengeneza wakati wa dhoruba ya theluji. Kilifanya kazi mfano wa ubao wa matangazo. Mtu alipiga simu kwa modemu, yaani chombo kigeuzacho ishara za kompyuta kuwa sauti ziwezazo kupita katika waya wa simu. Akasoma ujumbe ulioachwa na wenzake, akaacha wake, kisha akakata simu ili mwingine apate nafasi. Kila ubao ulikuwa kisiwa peke yake, mpaka mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alipotunga programu iliyoziwezesha mbao hizo kupigiana simu zenyewe usiku, gharama ilipokuwa ndogo, na kupokezana barua. Ndivyo FidoNet ilivyozaliwa. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na vituo zaidi ya 30,000, na Afrika ilikuwa imepewa nambari yake, Kanda ya 5.

Mpango huo uliifaa Afrika kuliko ulivyoifaa Marekani ulikozaliwa. Haukudai waya wa kudumu wala mashine kubwa. Ulidai kompyuta ndogo, modemu na simu ya dakika chache. Simu ilipokatika, barua ilingoja mpaka ipigwe nyingine. Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kilipokezana barua kwa njia hiyo na kituo cha Randy Bush mjini Portland kabla ya kupata waya wa kudumu wa intaneti mwaka 1991. Mjini Nairobi, Environment Liaison Centre International ilikuwa na kituo cha Fido kilichowahudumia watu wa mashirika yasiyo ya serikali. Mjini Addis Ababa, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika ilikuwa na chake. Barua za vituo vya namna hiyo zilipitia lango la GreenNet, London, zikaingia katika mitandao mingine ya dunia.

Hapo langoni ndipo suala la tahajia lilipoanza. Kanuni ya kupeleka barua katika intaneti, iliyotolewa na Jon Postel mwaka 1982, iliamuru kwamba kila herufi isafiri kwa biti saba, kwa kufuata orodha ya ASCII iliyowekwa Marekani mwaka 1963. Biti saba hutoa nafasi 128 tu. Kati ya hizo, 33 ni za amri za mashine; zilizobaki zinatosha tarakimu, vituo, na herufi za Kiingereza, kubwa na ndogo. Herufi yenye alama juu yake haikuwa na mahali.

Kiswahili kilipita lango hilo bila kuguswa. Tahajia iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930 haina alama juu ya irabu wala konsonanti. Alama yake ya pekee ni ile ya ng', ambayo hutenga ng'oa, yaani kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa, yaani wivu au shauku; na alama hiyo ilikuwamo katika ASCII, nafasi ya 39. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba wepesi huo ulikuwa umelipiwa zamani. Msemaji wa Kimvita hutenga paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi ya p; tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo. Nayo maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambayo ndiyo yaliyohifadhi tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, yaliachwa nje ya lango kabisa. Kilichopita, basi, ni Kiswahili cha kamati; Kiswahili chote hakikupita.

Kigikuyu hakikuwa na bahati hiyo. Lugha hiyo ina irabu saba, na tahajia yake huzitenga kwa kuweka alama juu ya mbili, ĩ na ũ. Langoni alama zilianguka, irabu saba zikawa tano, na hata jina la lugha yenyewe, Gĩkũyũ, halikuweza kuandikwa sawasawa. Kikamba kilipatwa na hasara iyo hiyo. Orodha ya kwanza ya ISO 8859, iliyotolewa mwaka 1987 ili kuzitosheleza lugha za Ulaya Magharibi, haikuwa na ĩ wala ũ. Herufi hizo zilipatikana katika orodha ya nne, ya mwaka 1988, iliyotungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya ya Kaskazini. Hazikuwekwa humo kwa kumfikiria Mgikuyu.

Ni dhahiri kwamba hakuna aliyekusudia kuzidhulumu lugha hizi. Waliochagua biti saba walitafuta wepesi wa mashine, na waliojenga FidoNet walitafuta nafuu ya bei ya simu. Lakini uamuzi usio na nia mbaya huweza kuwa na matokeo mabaya ukiachwa ugeuke kuwa mazoea.

Vikwazo vya mashine vilikwisha kuondolewa. Unicode ya mwaka 1991 ilizipa ĩ na ũ nafasi zake, na kanuni ya MIME ya mwaka 1992 ikafungua njia ya kupeleka herufi zisizo za ASCII. Kiswahili nacho kilijipatia istilahi ya barua pepe, ambamo neno pepe lasikika pamoja na upepo na kupepea. Msikiaji wa mashambani, hata hivyo, hukumbuka pia pepe za mpunga: punje zisizo na kiini, ambazo upepo huzichukua kwa sababu ni nyepesi.

Maana hiyo ya pili haifai kupuuzwa. Mwandishi wa Kigikuyu aachaye alama leo hazuiliwi na waya wowote. Anafuata desturi ambayo vifaa vya Kiingereza vilimzoesha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze matumizi ya lugha za asili. Sharti hilo haliwezi kutimizwa iwapo lugha hizo zitaandikwa kwa irabu tano hali zina saba.