Tarakilishi inavyotafuta rekodi ya mtumiaji: 'Hayumo' si sawa na 'nimeshindwa kutafuta'

KATIKA maabara ya tarakilishi ya shule ya sekondari, iwe Navakholo au kwingineko, mashine chache huweza kutumiwa na mamia ya wanafunzi. Kila mmoja huwa na akaunti yake, na kila akaunti huwa na rekodi inayoeleza mwenyewe ni nani na kazi zake zimehifadhiwa wapi.

Programu inayohitaji habari hizo haina haja ya kuipekua orodha ya watumiaji yenyewe. Huiachia maktaba ya mfumo, yaani hazina ya vijiprogramu vilivyo tayari, viitwavyo fanksheni.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, fanksheni kuu za kazi hii ni mbili: getpwnam, inayotafuta kwa jina, na getpwuid, inayotafuta kwa nambari. Zilikuwamo katika toleo la 7 la Unix, lililotoka katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka wa 1979, na baadaye zikaingizwa katika kanuni za POSIX.

YALIYOMO KATIKA REKODI

Kwa desturi rekodi hukaa katika faili ya /etc/passwd, mstari mmoja kwa kila mtumiaji, wenye sehemu 7 zinazotenganishwa kwa nukta pacha. Mfano ni huu:

wafula:x:1042:1000:Kidato cha Tatu:/home/wafula:/bin/bash

Kwa mpangilio, hizo ni jina la kuingilia, nywila, nambari ya mtumiaji, nambari ya kundi, maelezo, saraka ya nyumbani na programu inayopokea amri. Herufi x huonyesha kwamba nywila haimo humo. Katika Linux, nywila huhifadhiwa kwa njia ya fumbo katika faili ya /etc/shadow, ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuisoma.

Utambulisho halisi ni nambari. Akina Wafula wanaweza kuwa watano katika darasa moja, lakini mfumo huandika mwenye faili kuwa ni 1042. Kwa sababu hiyo, nambari ya mwanafunzi aliyehitimu ikipewa mgeni, mgeni huyo hurithi faili zote zilizosalia.

MAHALI PA KUTAFUTA

Si lazima rekodi ziwe ndani ya mashine yenyewe. Shule yenye mashine nyingi huweza kuziweka katika seva moja, kwa mfano ya LDAP. Katika Linux, faili ya /etc/nsswitch.conf ndiyo huielekeza maktaba ianzie wapi. Asiyetaka kuandika programu anaweza kupata majibu hayo hayo kwa amri ya getent passwd wafula.

KUKOSEKANA NA KUSHINDWA

Fanksheni hizi hurudisha NULL, yaani jibu tupu, katika hali mbili tofauti: rekodi haipo, au utafutaji wenyewe umekwama, pengine kwa kuwa seva haifikiki.

Mwandishi wa programu hupaswa kukiweka kigeu cha errno kuwa 0 kabla ya kuuliza. Jibu likiwa tupu na errno ingali 0, rekodi haikupatikana. Thamani nyingine kwa kawaida huashiria hitilafu, ingawa baadhi ya mifumo huandika ENOENT hata pale ambapo rekodi haipo tu.

Programu isiyotofautisha mambo haya ni hatari. Ile inayofuta saraka za watumiaji 'wasiokuwapo' yaweza kuteketeza kazi za darasa zima kwa sababu tu umeme wa seva umepotea.

Wakazi wa Kaunti ya Kakamega, ambamo Navakholo ni mojawapo ya maeneobunge 12, wameishuhudia tofauti hii kwenye sajili nyingine. Katika Uchaguzi Mkuu wa Agosti 9, 2022, vifaa vya KIEMS vya kutambua wapiga kura vilikwama katika baadhi ya vituo. Tume ya IEBC iliruhusu sajili ya karatasi itumiwe katika vituo 238 vya kaunti za Kakamega na Makueni. Kukwama kwa kifaa hakukuwa ushahidi kwamba mpiga kura hakujiandikisha.

TAHADHARI NYINGINE

Jibu la getpwnam huwekwa mahali pamoja katika kumbukumbu ya mashine, na swali linalofuata huweza kulifuta. Programu ikiuliza habari za Wafula kisha za Nekesa, yaweza kujikuta na rekodi ya Nekesa mara mbili. Dawa ni kunakili jibu mara moja, au kutumia getpwnam_r na getpwuid_r, ambazo huandika jibu mahali palipotengwa na anayeuliza.

Fanksheni hizi mbili pia hurudisha nambari ya hitilafu moja kwa moja, hivyo huwa rahisi zaidi kumtambua asiyekuwemo na asiyeweza kutafutwa kwa wakati huo.