Mkonge ulikuwa na bima, mkata mkonge hakuwa nayo

Juma hili naomba tuzungumzie bima ya afya, na nitaanzia mbali kidogo. Mwaka 1883 Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wa viwandani. Mfanyakazi alichangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja. Miaka kumi baadaye, 1893, Mjerumani mwingine, Dakta Richard Hindorf, alituletea miche ya mkonge kutoka Florida. Ilisalimika 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga. Mkonge ulikuja na reli ikaja, lakini ile sheria haikupanda meli.

Mimi nimekula mkate wa bima mjini Tanga kwa miaka mingi. Robota la mkonge likiwa ghalani Muheza au Korogwe lilikatiwa bima ya moto. Likiteremshwa kwenye tishari kupelekwa melini, lilikuwa na bima ya bahari. Aliyeyakata majani yale je? Akikatwa mkono na mashine ya korona, sheria ya fidia ilimtambua. Akishikwa na homa, alitegemea zahanati ya shamba na huruma ya bwana shamba.

Baada ya Azimio la Arusha, 1967, biashara ya bima ilishikwa na Shirika la Bima la Taifa. Matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zikapigwa marufuku, hadi 1991. Kila niliposema kwamba ugonjwa nao ni ajali kama moto, nilichekwa. Nani alipie kitu cha bure? Julai 1993 wananchi walipoanza kuchangia gharama za matibabu, kicheko kilikwisha.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza 3. Hesabu hiyo ni nyepesi kwa sababu mshahara upo. Mvuvi wa Sahare hana karatasi ya mshahara. Yeye aliwekewa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga na kupata sheria yake 2001, ambapo kaya ilichangia kwa mwaka. Ugumu wa mfuko wa hiari tunaujua sisi wa bima: mzima husubiri, mgonjwa hukimbilia. Ni sawa na kumtafuta wakala wakati makuti yanawaka.

Kwa hiyo Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, mwaka 2023, nilifurahi. Ila nasema tena ninalolisema siku zote: tazameni kalenda ya watu. Kina mama wa Tanga wana vyama vya kufa na kuzikana, wanachanga bila kusukumwa, kwa sababu chama kinajua lini mtu ana fedha. Upepo wa kusi ukivuma, ngalawa zinalala pwani. Kumdai mvuvi mchango mwezi Julai ni kumdai maji ya bahari. Mchango wake na ukusanywe wakati wa kaskazi, palepale mnadani, samaki wakiuzwa. Wa mkulima wa Muheza ukusanywe machungwa yanapoteremka sokoni.