Shamba la Kutumia, Si la Kuuza: Umiliki na Rushwa ya Ngono katika Filamu

Tarehe 19 Agosti 2024 serikali ya jimbo la Kerala, India, ilitoa hadharani ripoti iliyokuwa imefungiwa tangu mwisho wa 2019. Kamati ya Jaji K. Hema iliundwa 2017, baada ya mwigizaji mashuhuri kutekwa na kudhalilishwa kijinsia ndani ya gari huko Kochi, na wenzake kudai tasnia nzima ichunguzwe. Kamati ilitaja aina 17 za unyonyaji. Mjadala uliofuata ulielemea ngono. Lakini ripoti hiyo hiyo inaeleza pia kuhusu wanawake wanaofanya kazi bila mkataba wa maandishi, tena kwenye seti zisizo na choo, hata wengine hujinyima maji kutwa nzima.

Makala haya yanadai kwamba rushwa ya ngono katika filamu ni tunda, na mzizi wake ni kazi isiyo na umiliki. Mtu wa Kishanda, wilayani Muleba, ataielewa hoja hii upesi kuliko msomi wa filamu, kwa kuwa wilaya yake iliwahi kuibishania mahakamani.

Kwa mila za Wahaya, zilizoandikwa katika Amri ya Sheria za Mila ya 1963, mwanamke aliweza kupewa shamba la ukoo alitumie, ila hakuweza kuliuza. Alipalilia migomba na kuchuma buni. Ikifika siku ya kuuza, mwenye kauli alikuwa mwanamume wa ukoo. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza, kwa shilingi 300,000, shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Bernardo Ephrahim, aliyemwita shangazi, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, na mauzo yakabatilishwa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa Holaria haki. Rufaa ilipofika Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua Februari 1990 kwamba mila hiyo inakiuka kifungu cha 13 cha Katiba, kinachokataza ubaguzi.

Mwigizaji yuko pale alipokuwa Holaria kabla ya hukumu. Uso ni wake, machozi ni yake, filamu ni ya mtayarishaji. Katika Bongo Movie makubaliano mengi ni ya mdomo: akishalipwa mara moja, filamu ikiuzwa kwa msambazaji, ikarushwa kwenye televisheni, kisha ikapandishwa YouTube, hana anachodai. Hata Mkataba wa Roma wa 1961, katika kifungu cha 19, ulimwondolea ulinzi mara tu anapokubali kurekodiwa kwa picha. Pengo hilo lilishughulikiwa na Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika 2020. Mtu ambaye kazi ya jana haimlishi leo atamkataliaje mwongozaji anayegawa nafasi za kesho?

Wapo wanaosema tatizo ni tabia: binti anayejiheshimu haguswi. Kochi inawakanusha, aliyetekwa alikuwa na jina na kazi yake. Nakiri, basi, kwamba mkataba peke yake hauzuii kila mkono. Wengine watasema sheria ipo. Kweli, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamwadhibu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ila sheria hiyo humsubiri mlalamikaji. Msichana aliyetoka Muleba, anayelala sebuleni kwa ndugu Dar es Salaam akingoja simu ya kuitwa seti, atampeleka TAKUKURU mtu yuleyule wa kumpigia simu hiyo? Na akienda, ataonyesha karatasi gani kwamba kazi ilikuwepo?

Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo inayotoa vibali vya kurekodi. Iweke sharti moja: hakuna kibali bila mikataba iliyosainiwa ya waigizaji wote, inayotaja malipo, saa za kazi, malazi na mgawo wa mapato ya baadaye. Tangu Holaria Pastory auze shamba lake hadi Mwanza ilipompa haki, haikupita hata miaka miwili. Bongo Movie ina zaidi ya 20.