Deki nzima, rimoti haipo

Deki za kwanza za VHS zilikuwa na vitufe vinene kama vya kinanda. JVC ilipoitoa HR-3300 huko Japani mwaka 1976, mtu alikandamiza kitufe na vyuma vya ndani vikasogea kweli. Rimoti za deki za miaka hiyo, zilipokuwepo, zilikuwa na waya, na baadhi kazi yake ilikuwa kusimamisha picha tu. Ikipotea, hakuna aliyekosa usingizi.

Miaka ishirini baadaye uso wa deki za bei nafuu ulibaki na vitufe vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kupanga saa, kuchagua mfumo wa rangi, kutafuta stesheni, na kwenye baadhi ya deki hata kunyoosha picha inayochezacheza, vyote vilihamia kwenye rimoti. Hesabu ya kiwandani haikuwa ngumu: kila kitufe cha usoni kinahitaji swichi yake na tundu lake, na rimoti itatengenezwa vyovyote vile. Kwa hiyo leo deki zilizo changa zaidi, ambazo hedi na belti zake bado zina uhai, ndizo zinazokuwa bubu rimoti ikikosekana. Kile kizee cha 1978 ukikitia belti mpya kinakutii.

Suala hili linatugusa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa wenye uwezo wa Bara, deki ilifika sebuleni kabla ya matangazo. Harusi, maulidi, kipaimara, na filamu alizozitafsiri Derek Mukandala, yule Lufufu wa vibanda vya video, vyote viliingia kwenye kanda za VHS. Nyingine bado zimo makabatini, na mtu akitaka kuziweka kwenye flashi, lazima kwanza apate deki inayosikia amri.

Rimoti ya runinga isiyo na waya ilianza kwa vituko. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani iliuza Flash-Matic, tochi iliyobuniwa na Eugene Polley, ya kumulika pembe za runinga. Jua likipiga kioo, stesheni ilibadilika yenyewe. Mwaka uliofuata Robert Adler alileta Space Command, isiyo na betri wala taa. Ndani yake nyundo ndogo iligonga vijiti vya alumini, vikatoa sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Runinga ilisikia. Tatizo ni kwamba ilisikia pia funguo zikigongana mfukoni.

Mwanga wa infraredi ulipoenea katika miaka ya 1980, kubahatisha kuliisha, lakini kila kiwanda kilikuja na lugha yake. Sony ilitumia kilohezi 40, Philips 36, na utaratibu wa NEC, ulioenea sana kwa watengenezaji wa Asia, ukawa na 38. Mwaka 1987 Steve Wozniak, aliyekwisha kuachana na kazi za kila siku za Apple, alitoa CORE, rimoti iliyojifunza kutoka kwa nyingine: uliziweka uso kwa uso, ya kale ikasema, mpya ikakariri. Wazo zuri sana, ila lilimsaidia mtu ambaye rimoti yake bado ipo.

Isipokuwepo, fundi aanze na jicho la deki. Nyuma ya kile kioo cheusi kuna kipande chenye miguu mitatu: umeme, ethi na ishara. Weka mita kwenye mguu wa ishara, utaona karibu volti 5. Elekeza rimoti yoyote ya infraredi, hata ya king'amuzi, kisha bonyeza. Volti zikishuka kidogo, jicho linaona. Kilichobaki ni lugha. Zisiposhuka, usihangaike na rimoti kwanza. Wengi hununua rimoti tatu kabla ya kupima jicho moja.

Kuhusu lugha, hesabu inatia moyo. Amri ya NEC hufunguliwa kwa mwanga wa milisekunde 9, kimya cha 4.5, kisha biti 32. Nane za kwanza ni anwani ya mashine na nane nyingine ni amri, na kila fungu hurudiwa likiwa limegeuzwa kinyume ili makosa yajulikane. Ukijua anwani, amri zinazowezekana ni 256 tu. Hata usipoijua, michanganyiko yote ni 65,536, na kwa kuwa ujumbe mmoja huchukua milisekunde 108 hivi, kompyuta ndogo yenye taa ya infraredi inaimaliza kwa muda usiozidi saa mbili. Waliotanua anwani hadi biti 16 walituharibia kidogo: hapo ni wiki tatu.

Siku hizi kazi hiyo ya kutwanga haihitajiki mara nyingi. Watu wa Linux walikusanya kodi za rimoti nyingi katika mradi wa LIRC, na mwaka 2009 Ken Shirriff alitoa programu ya bure inayoiwezesha bodi ya Arduino kutuma na kusoma kodi hizo. Baadhi ya simu za Xiaomi zina taa ya infraredi juu kabisa, na programu yake ina orodha ya chapa. Rimoti za jumla zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue nazo hufaa pengine, ingawa nyingi hujali runinga na ving'amuzi, deki zikasahauliwa.

Tahadhari moja: ukijaribu amri zote kwa mpigo, unaweza kuangukia zile za fundi wa kiwandani, ambazo hubadilisha vipimo vya ndani. Ziende polepole, mtu akiwa mbele ya skrini, kanda ya harusi ikiwa nje. Funai ya Japani ilisimamisha uundaji wa deki za VHS mwaka 2016, ikieleza kwamba vipuri vimekuwa vigumu kupatikana. Ukiharibu yako, mbadala ni ya mtumba. Na namba ya amri ikishapatikana, iandike kwa kalamu ya wino mzito chini ya sanduku la deki.